Usinitue

Siku ile Makambako kulikuwa na upepo wa kung'oa mabati, nami nilikuwa nimekaa kwenye kochi la Mama Anyisile, mama wa mchumba wangu, nimeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtoto wa kipaimara. Asubuhi, nikijipaka mafuta mbele ya kioo, nilikuwa nimeapa kwamba leo sikasiriki. Hasira zangu zinajulikana Kifanya nzima. Baba yangu, mzee Enoki, husema atakayenioa aanze kwa maombi ya kufunga.

Mama Anyisile hakuwa na haraka. Alinikaribisha andazi, akaulizia hali ya viazi vya baba, akaulizia mvua. Kisha akakiweka kikombe chake mezani.

"Mwanangu Eveline, hiyo kazi yako ya kungoja udongo uanguke, itaisha lini?"

Kando yake shangazi Jenifer, dada wa marehemu baba yake Anyisile, aliacha kuchagua mchele kwenye ungo ili asikie vizuri.

"Inakaribia kuisha, mama," nikajibu. "Wiki hii umeanza kukimbia."

"Umeanza kukimbia," shangazi akarudia taratibu. "Udongo."

Nikaeleza tena, kama nilivyoeleza siku ya utambulisho, na siku ya msiba wa Makete, na siku ile nyingine. Kwamba mimi ni mhadhiri msaidizi, nafundisha chuo Mbeya mambo ya udongo na miamba, na natafuta udaktari wa taaluma hiyo. Kwamba nimechimba bonge la udongo kwenye ule mteremko unaoteleza juu ya nyumba za watu kwetu Kifanya, nikalipachika kwenye sanduku la chuma lenye nusu mbili. Nusu ya chini imekazwa. Nusu ya juu inavutwa na mkono wa chuma ulioning'inizwa vyuma vizito. Si vizito vya kuukata udongo mara moja. Ni vya kuuchosha.

"Mlima hauanguki ghafla, mama. Watu ndio hawausikii. Kwanza huaga. Unasogea unywele mmoja kwa wiki, halafu unywele kwa siku, halafu kwa saa. Mimi nataka kujua unavyoaga, ili siku moja tuwaambie watu wahame kabla, si baada."

"Na umekaa nao tangu watu wanavuna mahindi."

"Ndiyo, mama."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Subira huvuta heri, mama."

"Heri yenyewe ndiyo udongo kuanguka?" akauliza shangazi Jenifer, na hapo wote watatu tukacheka, maana alikuwa amenipata. Akaongeza, "Nyie Wabena mmezoea. Mnakata mwanzi, mnakaa chini kungoja ulanzi, pombe yenu, udondoke."

"Na nyie Wakinga mnakuja kuununua ukishajaa, shangazi, mkauuze Makambako."

Alinipiga kofi la utani begani. Nilianza kudhani siku itapita salama. Mama Anyisile ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Sikiliza, binti yangu. Sina ubaya na wewe. Anyisile ni mwanangu wa kwanza, na baba yake hayupo. Desemba ukoo wote unarudi Makete kwa Krismasi, na harusi itakuwa Desemba. Ukishaingia nyumba hii, habari za chuo zinaishia hapo. Kuna duka la vifaa vya ujenzi, linataka mtu mwenye akili. Sitaki mwanangu awe na mke wa Mbeya huku yeye anajipikia ugali Makambako."

Nilishusha kikombe. "Anyisile anayajua haya?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Mwanangu ni mtu mwema," akasema, akitazama dirishani. "Mtu mwema hasemi sana."

Maneno hayo yaliniingia kwa sababu yalikuwa kweli. Anyisile alikuwa mwema kupita kiasi. Ni yeye aliyenipa stoo yake ya Njombe niweke mtambo wangu, nilipomwambia hapa Makambako malori na treni vingenitikisia mshale wa kipimo. Alipaka chokaa ukuta, akaziba bati, akaniletea jiko la mkaa wakati wa baridi ya Julai. Mikono yake inanukia mbao za paina hata baada ya kuoga, na akinitazama huwa nasahau sentensi niliyoianza. Lakini kwenye jambo zito anakuwa bubu, anacheka kidogo, anainamisha macho. Nilimpenda na hiyo tabia yake, na ilikuwa inaniua.

Basi tukasikia gari lake uani.

Aliingia ameinama kidogo kwa ajili ya mlango, koti la kazi limejaa vumbi la mbao, kiroba kizito kimeshikwa kwa mikono yote miwili. "Shikamoo mama. Shikamoo shangazi." Halafu akaniangalia mimi, na uso wake wote ukafunguka. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile. Moyo wangu ukasahau duka la vifaa vya ujenzi.

"Eve," akasema, "nimekuokolea udongo wako."

Akatumbukiza mkono kwenye kiroba, akatoa kipande cha chuma cha duara, akakiweka mezani juu ya kitambaa cha kufuma cha mama yake. Kilikuwa na alama ya rangi ya kijani. Rangi ile niliipaka mimi.

Nilikitazama tu.

"Nimepita Njombe kupakia mbao," akaendelea, anaongea haraka kwa furaha. "Nikaingia stoo kuangalia kama bati linavuja. Nikakuta ule mkono umelala, umeinama vibaya, udongo umebaki kidogo tu ukatike. Nikasema hapana. Eve amehangaika nao muda wote huu, haukatiki mimi nikiwepo. Nikatoa vyuma kimoja kimoja, polepole, hata haukutikisika. Hivi hapa vyote."

Akasimama akingoja asifiwe. Anyisile ameendesha lori tangu ujana. Springi ya lori ikiinama, unashusha mzigo kabla haijakatika. Hiyo ndiyo busara aliyofundishwa, na alikuwa ameniletea busara yake yote kwenye kiroba.

"Mmeona?" Mama Anyisile akasema kwa fahari. "Anakujali."

Nilisimama. Nikakumbuka kiapo changu cha asubuhi, nikashika kiti.

"Nipeleke Njombe," nikamwambia.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Anyi."

"Chai hujamaliza," akasema mama yake.

"Nisamehe, mama. Nitaimaliza siku nyingine."

Anyisile alifunga kiroba akakitupia kwenye gari, tukaondoka. Hakuna aliyekumbuka kile chuma mezani.

Tulipita Makambako yote bila neno. Tulipoanza kupanda kwenye misitu ya kupandwa, pande zote mbili paina tupu, akashindwa kuvumilia.

"Nimekosa nini?"

"Endesha."

"Eve, nimekosa nini? Niambie tu."

"Ulikuwa umeinama," nikasema. "Umebaki kidogo ukatike. Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndiyo."

"Anyi, hiyo ndiyo siku niliyokuwa naingoja. Nimeamka usiku wa baridi, nimekosa harusi ya mdogo wangu, nimemdanganya msimamizi wangu, Profesa Silvanus, kwamba sina homa wakati natetemeka, kwa ajili ya siku hiyo. Nilitaka ukatike. Kazi yote ilikuwa ukatike huku kompyuta inaandika."

Nilimwona akielewa. Haikuja yote kwa pamoja. Kwanza mikono ilikaza usukani, halafu mguu ukalegea, gari likapunguza mwendo lenyewe mpaka likasimama pembeni. Lori la mbao lilitupita likitupigia honi.

"Nilidhani ukikatika ni hasara," akasema.

"Najua ulivyodhani."

"Tuvirudishe. Vyuma vyote ninavyo hapa."

"Udongo una kumbukumbu. Ukiupunguzia, unapumzika, unajishika upya. Ukiurudishia mzigo, si ule tena. Huwezi kumkatiza mtu anayeaga halafu ukamwambia haya, endelea ulipoishia."

Alifuta uso kwa kiganja. Nilitaka kumshika mkono na nilitaka kumpiga, kwa hiyo sikufanya lolote. Tukaendelea na safari.

Stooni Njombe kila kitu kilikuwa kimya na safi, kama alivyokiacha. Mkono wa chuma ulikuwa umesimama juu, mwepesi, hauna kitu. Niliwasha kioo cha kompyuta. Mstari ulikuwa umepanda taratibu majuma yote, kisha umeanza kujikunja kwenda juu, mzuri ajabu, mstari ambao nilikuwa nauota. Halafu ukakatwa. Ukalala chini moja kwa moja.

Hapo nililia. Sikulia kwa adabu. Nilikaa juu ya gogo analotumia kama kiti, nikalia mpaka pua ikaziba, naye akapiga magoti mbele yangu bila kunigusa, maana hakujua kama ana ruhusa.

"Nipige," akasema.

"Sitaki kukupiga. Nataka kukuuliza." Nikajifuta kwa mkono wa sweta. "Mama yako amesema Desemba, na chuo basi. Amesema amekwambia. Ulimjibu nini?"

Akainamisha macho.

"Safari hii usiiname, Anyi. Nitazame."

Akanitazama. Macho yalikuwa mekundu.

"Sikumjibu," akasema. "Nilifikiri, labda ni nafuu kwako. Unakonda. Hulali. Wale wazee wa chuo wanakuuliza maswali kama mwizi. Nilifikiri ukikaa dukani, nikakutunza, utapumzika. Sikutaka kukulazimisha. Nilifikiri tu."

"Kwa hiyo umenifanyia kama ulivyoufanyia udongo wangu."

Nikasimama, maana hasira niliyoiweka rehani tangu asubuhi sasa ilikuwa imefika, lakini ilikuja imetulia, na sauti yangu haikupanda.

"Wewe umekulia milimani kama mimi. Ukikutana na mwanamke njiani ana mzigo wa kuni kichwani, unafanyaje?"

"Nampisha."

"Unamtua?"

"Akisema nitue, namtua."

"Na asiposema?"

"Nampisha, apite."

"Mimi sijasema nitue, Anyisile. Sijasema hata siku moja. Huu mzigo nimejitwika mwenyewe, naujua uzito wake, na najua ninakoupeleka. Nilikuomba stoo. Sikukuomba unihurumie."

Alibaki pale chini kwa muda. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya mtoto.

"Baba alipokufa, mama alikuwa anabeba viazi kutoka shambani mpaka barabarani, mlima ule wa kwetu unaujua. Gunia zima kichwani. Mimi nilikuwa mdogo, natembea nyuma yake, naiona shingo yake inatetemeka. Nikasema nikiwa mkubwa, mwanamke wangu hatabeba kitu."

Huyu ndiye mwanaume niliyempenda, na hakuwahi kuniambia habari hii.

"Ulijaribu kumtua?"

"Kila siku."

"Akasemaje?"

Akacheka na machozi yakimtoka. "Alikuwa anasema, sogea huko, utanikwaza."

Nami nikacheka, sikuweza kujizuia. Nikampa mkono ainuke. Alipoinuka hakuuachia, na mimi sikuuvuta. Tulisimama hivyo, kiganja chake kigumu kwenye changu, uso wake karibu kiasi kwamba niliona vumbi la mbao kwenye kope zake. Nilitamani dunia iishie pale. Lakini dunia ilikuwa na kazi.

"Nina bonge moja limebaki," nikasema.

Lilikuwa pembeni, kwenye sanduku la mbao, limefungwa nailoni na kupakwa nta, limefukiwa kwenye vumbi la mbao lililoloweshwa maji ili lisikauke. Vumbi lenyewe lilitoka kwenye mashine yake. Nililitunza kwa ajili ya ajali, nikiomba ajali isije.

"Moja tu?"

"Moja. Naanza upya leo."

"Itachukua mpaka lini?"

"Pasaka. Pengine ipite. Halafu niandike, halafu nisimame Mbeya mbele ya hao wazee wanaouliza maswali."

Akavuta pumzi. "Na Desemba?"

"Desemba nitakuwa hapa, nasoma mshale. Sitakwenda Makete kukata keki wakati mlima unaaga. Nataka uwe mume wangu, Anyi. Nalisema wazi ili usije ukasema hukusikia. Lakini nitakuja na kazi yangu kichwani. Kama mlango wenu ni mfupi, bora nijue leo."

Nilikuwa nimemaliza. Nilichukua waya wa kukatia udongo, nikafungua sanduku, nikageuka nisimwone uso, kwa sababu kama angeinama tena nisingevumilia.

Nyuma yangu nilimsikia akienda garini, akirudi na kiroba, akipanga vyuma sakafuni. Kisha akaviangalia mara ya pili.

"Kimoja hakipo," akasema.

Tukatazamana. Wote wawili tukakiona akilini kile kitambaa cha kufuma.

Akatoa simu. Akaiweka sauti ya nje bila mimi kumwomba, akaishika katikati yetu.

"Mama, kile chuma kiko hapo?"

"Kipo. Shangazi yako amekiegesha mlangoni, huu upepo unaubamiza." Sauti ya Mama Anyisile ilijaa stoo nzima. "Huyo binti ana nini? Ameondoka kama nimemtukana."

"Mama, nilimharibia kazi yake. Nilidhani namsaidia." Akanitazama, na safari hii macho hayakwenda popote. "Anaanza upya. Harusi haitakuwa Desemba. Na dukani haendi, mama. Tutamtafuta mtu wa duka. Nilitakiwa kukwambia siku ile uliponiambia, nikanyamaza. Leo nakwambia."

Nikasikia mlango wa Makambako ukilia kule kwenye simu.

"Mpe simu," akasema mama yake.

"Nakusikia, mama," nikasema.

"Haya, niambie wewe. Nisikie kwa mdomo wako."

Mikono yangu ilikuwa imejaa udongo. Niliiweka juu ya meza.

"Mama, nampenda mwanao. Na kazi siachi. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukayasikia kwa watu. Ukikataa nitaumia, lakini sitakudanganya ili unikubali."

Simu ikakatika.

Anyisile alibaki ameishika. Nilidhani atapanda gari amfuate mama yake. Badala yake alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasimama upande wa pili wa meza.

"Niambie nishike wapi," akasema.

Tukafanya kazi hadi jua likashuka nyuma ya miti ya milingoti. Nilikata lile bonge kwa waya kidogo kidogo, kama mtu anayemenya kiazi cha mwisho nyumbani, naye akashika fremu bila kupumua. Mara mbili vidole vyetu vilikutana kwenye udongo wa baridi, na mara zote mbili hakuna aliyeondoa chake upesi. Tulipoupachika, niliuweka mzigo wa juu, ule wa kuukandamiza, ulale nao mpaka asubuhi. Vyuma vya kuvuta vingefuata kesho. Na cha mwisho kilikuwa kinashikilia mlango Makambako.

"Alfajiri nitakifuata," akasema.

"Atakupa?"

"Sijui. Nitaomba."

Aliniacha mlangoni pa chumba nilichopanga hapo Njombe, akaenda kulala kwa mwenzake wa biashara ya mbao. Hakuniaga kwa maneno. Alinishika tu shavu kwa mkono wake wenye harufu ya paina, akanitazama mpaka nikashusha macho mimi, ambaye siku nzima nilikuwa namkataza yeye kuinama.

Asubuhi hakwenda Makambako. Hakupata nafasi. Tulikuwa tumesimama nje ya stoo, ukungu haujainuka vizuri, yeye ameshika funguo za gari, tulipomwona mwanamke anakuja kutoka upande wa stendi. Alikuwa amejifunga khanga juu ya koti, na kichwani, juu ya ngata ya kitenge, alikuwa amebeba kiroba kidogo kilichoonekana kizito kuliko ukubwa wake. Alitembea wima, shingo imenyooka, haangalii chini.

"Mama," Anyisile akasema, akaanza kumkimbilia.

Nikamshika mkono wa shati. Sikumwambia kwa nini. Alisimama, mguu mmoja mbele.

Mama Anyisile alifika akasimama mbele yetu, anahema.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba."

Hakuna aliyesogea. Alinitazama mimi, akautazama mkono wangu ulioshika shati la mwanawe, akamtazama mwanawe ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa hamkimbilii kumpokea. Kitu fulani kilipita usoni mwake. Sijui kama alikumbuka ule mlima wa Makete. Mimi niliukumbuka, na wala sijawahi kuupanda nikiwa na gunia.

"Basi nitue, binti," akasema hatimaye. "Unanitazama nini?"

Nikamtua.

Nilikipokea kiroba kwa mikono miwili, naye akajinyoosha shingo, akafungua ngata na kuikung'uta. "Sijakubali," akasema. "Sikiliza vizuri. Mambo ya duka tutayaongea, na Desemba tutaiongea. Nimeleta chuma tu. Kitu cha mtu hakikai kuzuia mlango wa mtu mwingine."

"Asante, mama."

"Nionyeshe huo udongo."

Akaingia. Aliuzunguka mtambo polepole, mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe wa mahari. Nikaning'iniza chuma cha kwanza, nikangoja mshale utulie. Nikaweka cha pili. Anyisile alikuwa amesimama ukutani, mikono ameificha makwapani ili isije ikamponza. Kilipobaki cha mwisho, kile chenye alama ya kijani, nilikitoa kwenye kiroba nikamgeukia mama yake.

"Kiweke wewe, mama. Ni wewe umekibeba."

Alinitazama kuona kama namfanyia mzaha. Kisha akakichukua, akakipima uzito mkononi, akakitundika taratibu kuliko nilivyotundika mimi. Mshale ukasogea kidogo, ukatulia. Kwenye kompyuta mstari mpya ulianza.

"Umeaga?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado, mama. Ndiyo kwanza umejitwika."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo ambalo hakutaka kulielewa. Kisha akamgeukia mwanawe, akamnyooshea kidole.

"Na wewe. Siku ukiukuta huu mkono umeinama, usiuguse. Mwite mwenye mzigo."

"Ndiyo, mama."

Akaketi juu ya lile gogo, akajifunika khanga vizuri kwa ajili ya baridi ya Njombe, akanitazama.

"Haya, bandika chai," akasema. "Ile ya jana hukuimaliza."